Herufi Iliyozidi

Siku ya tatu ya kilio ilipambazuka bila maiti, na hapo ndipo Kulthumu Zubeir alipoanza kuogopa.

Hakuwa mwoga kwa kawaida. Miaka kumi na mmoja alikuwa OPJ, mpelelezi wa polisi, hapa hapa Rumonge, mji wa Warundi ufukweni mwa ziwa, alikozaliwa, na wezi wa nyavu walikuwa wakimsikia tu akikohoa mlangoni wanarudisha mali wenyewe. Lakini ziwa alilijua. Mtu akizama pwani hii, siku ya pili au ya tatu ziwa humrudisha. Wavuvi wa hapa hubishana juu ya kila kitu, ila juu ya hilo hawabishani. Mwavita Bahizire hakuwa amerudishwa. Mitumbwi ilikuwa imemtafuta kuanzia bandarini hadi karibu na Kigwena, ikarudi vile vile ilivyokwenda.

"Labda mamba, shefu," alisema Revokatus, karani wake, Mrundi wa milimani mwenye mwandiko mzuri kuliko wote kituoni, na anayelijua hilo sana.

"Mamba gani huyo ambaye hakuonwa na mtu hata mmoja?" Kulthumu alimjibu, akafungua faili.

Mwavita, miaka ishirini na sita, Mkongomani wa Fizi, ng'ambo ya ziwa. Mfanyakazi wa kiwanda kidogo cha kukamua mawese cha Mama Shadia. Mke wa Josias, fundi wa injini za boti. Jumatatu alfajiri alitoka nyumbani. Saa moja watu wakakuta viatu vyake mchangani, kitenge kimekunjwa juu yake. Saa tatu simu ikaita kutoka Kigoma, upande wa Tanzania, na mwanamke aitwaye Mariam, mshauri wa afya ya akili, akasema kwa sauti ya kutetemeka kwamba mteja wake amemwandikia ujumbe wa kujiua.

Hapo ndipo Rumonge nzima ilipojua kwamba Mwavita alikuwa akitibiwa kwa kuandikiana kwenye simu. Watu walicheka kwanza, halafu wakakumbuka kwamba kuna msiba. Dawa gani hiyo isiyo na kidonge wala sindano? Kulthumu hakucheka. Alikiona chumba chenyewe: kimoja, ukuta wa mbao, na mume anayesikia hata panya akipumua. Mke wa chumba kile atamweleza nani shida yake, na kwa sauti gani? Kuandika hakuna kelele. Miezi mitano Mwavita aliandika akiwa kiwandani, mawese yakichemka, na kila jioni alifuta yote kabla ya kurudi nyumbani. Mficha maradhi kilio humfichua, tunasema. Huyu alikataa kuficha, na kilio kikaja vilevile.

Ujumbe wa mwisho Mariam aliusoma kwa simu siku ile ile, Revokatus akauandika kwenye peve, karatasi ya maelezo ya polisi: "Nimechoka. Kesho nitajitosa." Kujitosa ni kujitupa majini, nani asiyejua? Josias aliposomewa alianguka, wakambeba mikono na miguu.

Na hicho kilio cha Josias ndicho kilichomnyima Kulthumu usingizi, kwa sababu alishakiona. Miaka minne iliyopita Josias alikuwa na mke mwingine, Ange, aliyeanguka kutoka kwenye boti karibu na Kabonga. Alilia hivyo hivyo, akabebwa hivyo hivyo. Faili likafungwa: ajali. Sahihi iliyokuwa chini ya neno hilo ilikuwa ya Kulthumu.

Asubuhi hii Mariam alikuwa ametuma picha za mazungumzo yote. Revokatus alizichapisha nakala mbili. Kulthumu akaanza ukurasa wa kwanza, kidole juu ya mstari.

*Mariam: Karibu, Mwavita. Kabla hatujaanza, uko salama?*

*Mwavita: Niko.*

*Mariam: Niko… malizia sentensi, mpenzi. Uko wapi? Ukoje?*

*Mwavita: Nimemaliza. Niko.*

Kulthumu alitabasamu kidogo. Kwa Mtanzania neno hilo linabaki limening'inia. Kwa watu wa pwani hii limejitosheleza: nipo, ni mzima, bado. Tangu siku hiyo Mariam alijifunza. Kila mazungumzo yalifunguliwa namna moja. *Uko? Niko.*

Kurasa zilizofuata zilimfuta tabasamu.

*Mwavita: Nalalaka na macho wazi. Bwana yangu anahesabuka visu vya mu nyumba, ananiambia hesabu.*

*Mariam: Weka miguu chini, uisikie ardhi. Nitajie vitu vitano unavyoviona hapo.*

*Mwavita: Pipa. Moto. Ngazi ya mawese. Mama Shadia. Mulango.*

*Mariam: Mlango umeutaja mwisho.*

*Mwavita: Ule mulango njo naangaliaka sana.*

Na mwezi uliopita: *Jana alisema Ange alikuwa na mudomo kama yangu. Akacheka. Sikucheka.*

Kulthumu alilisoma jina la Ange mara tatu. Kisha akafika ukurasa wa mwisho, mstari wa mwisho, na kidole chake kikakwama.

*Nimechoka. Kesho nitajitosha.*

Lo! Akavaa miwani. Herufi ilikuwa pale pale, haina aibu. Akachukua simu, akamwandikia Mariam.

"Dada Mariam, amahoro. Neno la mwisho lina H. Ulipomsomea karani wangu ulisema nini?"

Jibu lilikuja mara moja. "Nilisema nitajitosa. Mwavita huandika haraka, anazidisha herufi na kupunguza. Nilimsahihishia tu."

"Kwenu kutosha ni nini?"

"Kuenea. Chakula kinatosha, nafasi inatosha. Ndiyo maana nikajua amekosea. 'Nitajitosha' haina maana."

"Kwetu ina maana. Kwetu kutosha ni kutoa. Tosha sufuria motoni. Tosha mutoto mu mayi."

Juu ya skrini neno *anaandika* lilitokea, likapotea, likatokea tena. Kulthumu alisubiri.

"Ya Rabi," aliandika Mariam. "Nitajitoa?"

"Nitajitoa."

Sasa vitu vilianza kupangika vyenyewe. Viatu vya mchangani: vyeupe, vya kanisani, ambavyo kila mama wa kwaya alivitambua papo hapo. Lakini vile vya kiwandani, vilivyolowa mawese hadi kuwa vyekundu, havikuwa ufukweni wala havikuwa nyumbani. Orodha ya vitu ambayo Revokatus aliiandika nyumbani kwa Mwavita ilisema hivyo. Anayekwenda kufa hachagui viatu. Mwavita aliacha vya kutambuliwa, akaondoka na vya kutembelea. Mji mzima aliudanganya. Mtu mmoja tu alimwambia kweli, na huyo mmoja akamsoma vibaya, na kosa hilo likamlinda siku tatu.

Halafu Kulthumu akamkumbuka mume, jua la saa nne likiwa dirishani. Josias ni wa Fizi. Akiiona herufi ile, hatamuuliza mtu maana yake.

Akaifungia nakala yake ndani ya droo, akachukua ufunguo, akatoka mbio mbio kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

*

Kiwandani wanawake walikuwa wakiponda ngazi, matunda ya mchikichi, zilizochemshwa. Mama Shadia, mama mnene wa mtaa wa Waislamu, aliyesoma chuo cha Kurani na Kulthumu wakiwa na meno ya utoto, alikuwa akikoroga pipa, na hakuacha kukoroga.

"Salaam aleikum, dada Kulthu."

"Aleikum salaam. Kilioni sikukuona."

"Kazi iko mingi."

"Mfanyakazi wako wa miaka minne, Shadia. Wewe uliyelilia hata mbuzi wa jirani."

Mwiko ulizunguka mara mbili, tatu.

"Usiniambie yuko wapi," Kulthumu alisema, akishusha sauti. "Kisichojulikana hakiibiwi. Niambie tu kama Jumatatu ulimwona hai."

Mama Shadia aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akaweka mwiko chini.

"Nilimuona. Nilimutosha mwenyewe, na viatu vyake vya kazi. Alikuwa anatetemeka kama kuku ya mvua." Akajifuta macho kwa kiwiko, mikono ikiwa myekundu. "Anaongea na miye kila siku mara mbili. Lakini tangu jana magharibi simu yake haiingii. Na ya dada yangu haiingii. Kulthu, sikulala."

"Kuna mtu aliyekuuliza kitu?"

"Josias alipita jana saa tisa. Nilifikiri analeta habari ya kilio. Aliniuliza: 'Mama Shadia, dada yako wa Kigwena iko muzima?' Ivyo tu. Kisha akaenda."

Kulthumu alishika ukingo wa pipa, akauachia haraka maana ulikuwa wa moto. Basi Josias alikuwa ameanza kunusa hata kabla ya kuiona herufi. Lakini kwa nini? Kitu gani kilimtia wasiwasi, wakati peve nzima ilimwambia amefiwa?

Alimpigia Isaka, polisi mwenye pikipiki. "Kigwena, sasa hivi, nyumba ya dada yake Shadia. Usiulize, kimbia." Kisha akamgeukia rafiki yake. "Kama kuna mtu Mwavita anamwamini, mtume amtafute. Mwavita asikupigie wewe, asinipigie mimi. Amwandikie Mariam, huyo anamjua. Neno moja linatosha."

"Linatosha ya Kigoma ama ya kwetu?" aliuliza Mama Shadia, ambaye hata akilia hawezi kuacha utani.

"Zote mbili," alisema Kulthumu, naye hakucheka.

*

Alisikia sauti ya Josias kabla hajafika mlangoni mwa ofisi, na hapo hapo akaikumbuka nakala ya pili. Nakala ya kwanza ilikuwa salama ndani ya droo. Ya pili ilikuwa juu ya meza ya Revokatus, ndani ya faili, na Revokatus hakuambiwa neno. Kulthumu alijitukana kimoyomoyo kwa lugha tatu.

"Karani, miye na muke yangu tuko wa Fizi," Josias alikuwa akisema, kwa upole kabisa. "Iyi neno 'jitosa' hatuijui. Kwetu tunasema kujitupa mu mayi. Siku mbili najiuliza: muke yangu aliitosha wapi neno kama iyo? Tafazali, munitoshee karatasi yenyewe, niione na macho yangu."

Kumbe! Ndiyo hiyo. Mwenye kumfahamu mke wake hadi maneno ya mdomoni alikuwa amelinusa neno la kigeni kabla ya mpelelezi mwenyewe.

Kulthumu aliingia. Revokatus, mtu wa huruma, alikuwa ameshafungua faili, na karatasi ilikuwa ikipita hewani kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Kuidaka kungemwambia Josias kila kitu. Kutoidaka kungemwambia vilevile. Kulthumu alisimama, akaangalia.

Josias alikuwa mwanamume mwembamba, safi, kucha zake hazina hata chembe ya grisi. Alisoma akifuata mstari kwa kidole. Kidole kikaenda, kikaenda, kikafika mwisho. Kikasimama juu ya H. Kilikaa hapo kwa muda ambao Kulthumu angeweza kusali rakaa nzima.

Kisha Josias akaanza kulia.

"Ni kweli," alisema, machozi yakichuruzika. "Alijitupa, masikini. Afande, amahoro. Siku ya tatu inaisha, watu wanangoja. Munipe karatasi ya kifo, ya ofisi ya komini, nifunge kilio."

Na hapo ndipo Kulthumu alipoogopa kweli kweli, kwa sababu alielewa. Mtu huyu alikuwa amesoma kwamba mke wake yu hai, na alikuwa anaomba karatasi ya kifo. Mwanamke aliyekwisha kuandikwa marehemu, nani atamtafuta siku akipotea? Nani atamtafuta muuaji wa mtu aliyezikwa kwa karatasi? Kosa lililomlinda Mwavita siku tatu, Josias alitaka kulifanya kaburi lake, na sahihi alikuwa anaitaka kwa Kulthumu yule yule.

Alivuta kiti, akakaa.

"Pole sana, Josias. Tutaandika. Lakini kwanza nisaidie. Ulimwomba Revokatus nini nilipokuwa naingia?"

"Anipe karatasi."

"Revokatus, alisema nini? Neno kwa neno, wewe ni karani."

"Alisema 'munitoshee karatasi', shefu."

"Nawe ukafanya nini?"

"Nikaitoa mu faili, nikamu…"  Macho ya Revokatus yalishuka kwenye karatasi, yakapanda kwa Kulthumu, na mdomo wake ukabaki wazi.

"Sasa wewe, Josias. 'Nitajitosha' ni nini?"

Josias alijifuta uso kwa kitambaa. Hakuwa na haraka. "Ni kosa ya kuandika, afande. Alikuwa na uchungu. Alitaka kusema 'nitajitosa'."

"Neno ambalo sasa hivi umesema hamlijui."

 Nje muuza ndagala, yaani dagaa, alipita akinadi, akaenda zake. Machozi yalikuwa bado mashavuni mwa Josias, lakini uso uliokuwa chini yake haukuwa tena wa mfiwa. Aliinama mbele, akauliza taratibu, karibu kwa mnong'ono:

"Iko wapi?"

Hakusema Mungu asifiwe. Hakuruka, hakushika kichwa, hakuuliza kama mke wake amekula au kama ni mgonjwa.

"Revokatus, funga mlango," alisema Kulthumu. "Kaa. Andika."

Ufunguo ulizunguka. Josias aliangalia mlango, akacheka kidogo.

"Munanifunga juu ya herufi moya?"

"Hapana. Juu ya Ange."

Kicheko kilikatika. Jina hilo halikuwa limetajwa katika ofisi hii tangu siku lilipofungiwa kabatini. Kulthumu akafungua droo, akatoa nakala yake, akamsomea kurasa moja baada ya nyingine: visu, mdomo kama wa Ange, tarehe, saa. Mwavita alifuta kila jioni kwenye simu yake, lakini Kigoma kulikuwa na mtu aliyetunza kila mstari. Kalamu ya Revokatus ilikimbia. Josias alisikiliza hadi mwisho, kisha akaegemea kiti, na akatabasamu tena, tabasamu lililomfanya Kulthumu atamani kuwa mahali pengine popote.

"Ni maneno tu. Mwenyewe iko wapi wa kuyasema?" Akaielekezea kidevu simu iliyokuwa mezani. "Pigeni basi. Mumuulize kama iko."

 Kulthumu alimwandikia Mariam kwa kidole kimoja. "Ameandika chochote?"

"Bado. Tangu asubuhi namwandikia kila dakika kumi. Dada, naogopa."

Simu ikaita. Alikuwa Isaka, na upepo wa Kigwena ukivuma nyuma yake. Kulthumu aliibana sikioni, lakini Isaka huongea kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto.

"Nyumba imefungwa, shefu! Hakuna mtu! Majirani wanasema jana magharibi mwanaume mmoja alikuja kuuliza, kisha wale wanawake wawili hawakuonekana tena!"

"Mwanaume wa namna gani?"

"Mwembamba, wanasema! Msafi!"

Josias alikuwa akiangalia kucha zake.

Kulthumu alikata simu. Hakumbuki alikaa muda gani. Anakumbuka alimwona Ange, si uso wake, maana hakuwahi kuujua, bali faili lake jembamba, kurasa nne, na sahihi yake nzuri chini. Aliomba kwa Mungu, bila kupanga maneno, asipewe faili la pili. Revokatus alikuwa ameinua kalamu na hakujua aiweke wapi.

Simu ikatetemeka juu ya mbao. Mariam alikuwa ametuma picha moja tu. Ndani yake, upande mmoja, neno lake mwenyewe likirudiwa kushuka chini ya skrini: *Uko? Uko? Uko? Uko?* Chini kabisa, upande wa pili, saa tano na dakika arobaini na mbili:

*Niko.*

Safari hii Mariam hakumwomba amalizie sentensi.

Kulthumu alielewa: wale wanawake wawili walikuwa wamezima simu na kukimbia kabla Josias hajawafikia. Akaisukuma simu mezani taratibu hadi mbele ya Josias, akaiacha hapo mpaka aliposoma, na mpaka tabasamu lilipomtoka lote. Kisha akaigeuza kwa karani.

"Andika saa, Revokatus," alisema, machozi yakimdondoka bila kuyafuta. "Andika na neno lake, herufi kwa herufi. Na tafadhali, ndugu yangu, usimsahihishie."